Ng'ombe Wengine Wako Wapi? Maswali Yenu Kuhusu Shule za Kata

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa 2024 yametoka mwezi wa kwanza 2025 na mpaka leo barua na meseji zenu hazijakata, na wengi mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, kwamba hii shule aliyopangiwa mtoto wangu ni nzuri au mbaya, nitajuaje. Nimechukua maswali manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu mama wa watu kafanya kazi yake, kaja na namba zake mkononi, sio kama nyie mnaoandika "mwalimu hiyo shule vipi?" alafu basi.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mi naishi Nzuguni, tulihamia Dodoma 2019 baada ya ofisi ya mume wangu kuhamishiwa huku. Binti yetu kamaliza la saba mwaka jana, kapangiwa shule ya kata hapa karibu na ashaanza. Baba yake anataka tumtoe tumpeleke praiveti, anasema bora tuuze kile kiwanja chetu cha Mtumba. Mi nikaenda kikao cha wazazi, mkuu wa shule akasimama akasema ufaulu wetu mwaka huu ni asilimia 94, watu makofi. Nikarudi nyumbani kifua mbele, mume wangu akacheka akasema 94 ya nini? Basi nikaingia saiti ya NECTA, wale wa Baraza la Mitihani, nikamsumbua na mwalimu mmoja tunayesali naye, nikaandika kwenye daftari. Kidato cha kwanza 2021 walipangiwa watoto 212, walioripoti 190, wasichana 98 na wavulana 92. Upimaji wa kidato cha pili 2022 walifanya 166. Mtihani wa kidato cha nne 2024 walisajiliwa 121, wakafanya 118, wasichana 71 wavulana 47. Divisheni ya kwanza 2, ya pili 6, ya tatu 14, ya nne 89, ziro 7. Hapo ndo nimekwama. Hii shule nzuri au tuuze kiwanja? Mama Neema, Nzuguni.

Mama Neema, kwanza hongera, ungekuwa kwenye bodi ya shule mngeogopwa. Na mumeo naye asichekwe, kauliza swali la maana kuliko ukumbi mzima uliopiga makofi.

Tuanze na hiyo 94. Mkuu wa shule hajadanganya. Wamefanya 118, wamepata divisheni ya kwanza mpaka ya nne 111, ukigawanya inakuja 94 na kidogo. Lakini hilo neno kufaulu inabidi ulijue lina maana gani. D inaanzia maksi 30. Mtoto akipata D mbili na masomo mengine yote F, au akipata C moja peke yake, kwenye yale masomo saba yanayohesabiwa anakuwa na pointi 33 (A ni pointi 1, F ni 5, zikiwa chache ndo nzuri), na pointi 33 bado ni divisheni ya nne, kwahiyo kwa hesabu za NECTA huyo kafaulu. Ziro ni 34 na 35 tu. Sasa angalia, taifa zima mtihani huo wa 2024 ufaulu wa watahiniwa wa shule ulikuwa asilimia 92.37, kwahiyo 94 ya shule yenu iko juu ya nchi kwa pointi mbili hivi, sio miujiza. Tena ukirudi mwaka mmoja nyuma, 2023, nchi ilikuwa na 89.36, maana yake shule iliyopanda pointi tatu mwaka huu imesimama palepale, imebebwa na mawimbi tu pamoja na wenzake.

Ndo maana mi nikipewa karatasi ya matokeo sianzi na ufaulu, naanza na divisheni ya kwanza mpaka ya tatu, kwa sababu hao ndo wenye nafasi ya kweli ya kuendelea kidato cha tano au kwenda chuo cha maana bila kuhangaika. Kwenu ni 2 na 6 na 14, jumla 22, yaani kama asilimia 19 ya waliofanya. Nchi nzima mwaka huo ilikuwa kama 43. Hapo ndo shule yenu inaonekana ilivyo. Asilimia 94 ikakufanya utembee kifua mbele, asilimia 19 inakufanya ukae chini, na zote mbili zimetoka kwenye karatasi moja.

Haya, sasa kuna kitu ambacho hata karatasi ya NECTA haikuonyeshi na wewe umekiona kwenye daftari lako bila kujua. Miaka hiyo nafundisha jografia huko upande wa Chamwino tulikuwa na kikao cha wazazi kama hicho chenu, mkuu wetu akasoma asilimia, tukapiga makofi sisi walimu kwanza. Akanyanyuka mzee mmoja wa Kigogo, kashika fimbo yake, hakuwa na haraka, akasema, mwalimu, mimi nikikukabidhi ng'ombe mia mbili uchunge, jioni ukanirudishia mia ukasema angalia mzee wote wamenona, nitakuuliza wengine wako wapi. Ukumbi ukanyamaza. Mkuu akasema ajenda inayofuata. Mimi lile swali halijanitoka mpaka leo.

Basi tuwahesabu ng'ombe wenu. Walioripoti 190, waliofaulu 111. Hiyo ni asilimia 58. Na wenye divisheni ya kwanza mpaka ya tatu 22 kati ya 190, asilimia 12 hata haifiki vizuri. Ukitaka kuniambia shule inafanya nini na watoto inaopewa, mi naitaka hii, sio ile 94. Wale 22 waliopangiwa wasiripoti usiwabebeshe shule moja kwa moja, wengine walienda praiveti, wengine wazazi walihama, ila wako pia ambao hawakuonekana popote na hao ni kazi ya mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa kuwafuata nyumba kwa nyumba.

Alafu angalia wanapotelea wapi. Kutoka kuripoti mpaka kidato cha pili wamepungua 24. Kutoka kidato cha pili mpaka kusajiliwa mtihani wa nne wamepungua 45. Kuna kitu kinatokea pale baada ya upimaji wa kidato cha pili. Wapo wanaofeli wakaambiwa warudie, mtoto anaona aibu kukaa na wadogo zake anaacha. Wapo ambao shule zao, sisemi yenu, zinawaita wazazi wa watoto wazito na kuwashauri kwa upole wawahamishe au wafanye kama watahiniwa wa kujitegemea, ili wasije kuchafua matokeo. Hiyo inafanyika na kila mwalimu anayesoma hapa anajua inafanyika, na shule ya namna hiyo ufaulu wake utang'aa kila mwaka.

Ila niwe mkweli na kwa upande wa pili, hizo namba zako sio za watoto walewale kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kwenye wale 166 kuna waliorudia kutoka mwaka wa nyuma. Kwenye wale 121 kuna waliohamia. Na Dodoma hii uhamisho ni kitu kikubwa kuliko mnavyodhani, jiji lilikuwa na watu 410,956 kwenye sensa ya 2012, sensa ya 2022 likakutwa na 765,179, na nyie wenyewe ni mmojawapo wa hao waliokuja. Kwahiyo shule ya Nzuguni inaweza kuwa imepokea watoto 20 wa watumishi katikati, wakaziba pengo la wengine 20 walioacha, na wewe kwenye daftari ukaona wamepungua kidogo tu. Au kinyume chake, waliotoka wamehama salama na wako shule nyingine wanasoma. Barua za uhamisho zipo kwenye faili ofisini, mwombe mkuu akwambie tu idadi, wangapi wametoka kwa barua, wangapi wamepokelewa, wangapi wamefutwa kwa utoro. Akiwa nazo kichwani, huyo ni mkuu wa shule. Akianza kukwambia hizo ni taarifa za afisa elimu, mh.

Kuna kingine umekiandika ukakipita. Wasichana walianza 98 wakafanya 71. Wavulana walianza 92 wakafanya 47, karibu nusu wameyeyuka. Watu tukisikia utoro akili inakimbilia mimba, na kweli mimba zipo, ingawa tangu mwishoni mwa 2021 serikali imeruhusu binti aliyejifungua arudi shule na ukikuta shule inamzungusha ujue inakosea. Lakini kwenu wanaopotea ni wavulana. Mi dhana yangu, na ni dhana tu, ni mji wenyewe. Tangu serikali itangaze kuhamia hapa 2016 hakuna mtaa usio na saiti ya ujenzi, kijana wa miaka 16 akibeba tofali siku mbili tatu ana hela mfukoni, akipewa na bodaboda ya mtu ndo umempoteza. Shule inayojua hilo ina mwalimu wa malezi anayefuatilia, na shule isiyojua inaandika tu "mtoro" kwa kalamu nyekundu.

Sasa binti yako. Kwa jinsia yake hatari ya kupotea ni ndogo kidogo. Ana wazazi wanaofungua saiti ya NECTA usiku, hiyo peke yake inamtofautisha. Kabla ya kuuza kiwanja shuka chini kabisa kwenye ukurasa wa matokeo ya hiyo shule, kuna jedwali la somo kwa somo, linaonyesha waliofanya na waliofaulu kwa kila somo. Angalia hisabati, kiingereza, fizikia na kemia. Hisabati nchi nzima wanafaulu kama robo tu kwahiyo usishtuke ukikuta namba ndogo, ila ukikuta ni watoto wanne kati ya 118, kaulize wana walimu wangapi wa hisabati. Usiulize wana walimu wangapi, uliza wa hisabati. Shule inaweza kuwa na wanafunzi 480 na walimu 24, ukigawanya ni mwalimu mmoja kwa watoto 20, kwenye ripoti inapendeza, kumbe 17 ni wa historia, kiswahili, jografia na uraia na wa hisabati ni mmoja. Watoto 480 kwa kiwango cha 40 darasani ni mikondo 12, hata ukimpa kila mkondo vipindi vitano tu kwa wiki ni vipindi 60, na ratiba ya kawaida ya shule haifiki hata 50. Huyo mwalimu mmoja kuna madarasa hayajawahi kumwona, na hakuna asilimia itakayokwambia hivyo.

Rudia hilo zoezi kwa miaka mitatu, 2022, 2023 na 2024, usiamue kwa mwaka mmoja. Alafu hiyo praiveti anayoitaka baba Neema ifanyie hivyohivyo, wangapi waliingia kidato cha kwanza na wangapi walifanya mtihani, kwa sababu huko ndo mchujo ulikozaliwa. Ukikuta nayo walianza 80 wakamaliza 45 wote divisheni ya kwanza, hujanunua ualimu, umenunua chekeche. Mi kwa namba zako nisingeuza kiwanja mwaka huu. Ningetafuta mtu wa kumfundisha hisabati jumamosi na ningegombea ujumbe wa bodi.

SWALI: Ndugu mwalimu, sisi huku Bahi kila siku tunasikia redioni hela za elimu bila malipo zimetolewa mabilioni. Lakini tukiitwa shuleni ni mchango, mara mlinzi, mara karatasi za mitihani, mara chakula. Hela zinaenda wapi? Kuna ujanja gani wa mzazi kujua shule inapata ngapi? Baba Amani.

Baba Amani, mabilioni ya redioni yasikutishe, yashushe mpaka kwa mtoto mmoja ndo utaelewa. Elimu bila malipo ilianza januari 2016, ada ya kutwa iliyokuwa 20,000 kwa mwaka ikafutwa, serikali ikasema italipa yenyewe hiyo 20,000 kama fidia. Juu yake kuna ruzuku ya uendeshaji, walimu wanaiita kapitesheni, kwa sekondari ni 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ila sio yote inaingia shuleni, nusu inabaki juu kwa ajili ya vitabu na nusu, yaani 12,500, ndo inakuja kwenye akaunti ya shule.

Sasa piga hesabu. Shule ya kutwa yenye watoto 600, kapitesheni ni 7,500,000 kwa mwaka, fidia ya ada 12,000,000, jumla 19,500,000. Gawanya kwa miezi 12 unapata 1,625,000 kwa mwezi. Hapo ndo kuna umeme, maji, mlinzi, chaki, dawa za maabara, kitasa kilichovunjika, nauli ya mhasibu. Nikupe kitu kimoja tu, mtihani wa muhula. Watoto 600, masomo 10, kila mtihani karatasi mbili tu za kubana, ni karatasi 12,000. Rimu moja ina 500. Rimu 24, bei unaijua, na hujaweka wino wa mashine ambayo nayo kila mwezi inamwita fundi. Mwalimu wa taaluma mmoja ninayemjua anaandika maswali ubaoni kuanzia mtihani wa mwezi wa tatu, watoto wa nyuma hawaoni, wanaulizana namba tano ameandika nini, na hayo matokeo ndo yanaitwa maendeleo ya mwanafunzi.

Kwahiyo mtu akikwambia hela hakuna, anakudanganya, na akikwambia hela inatosha anakudanganya pia. Unachotakiwa kufanya ni kugawanya. Mapato ya shule gawanya kwa idadi ya watoto, ndo ulinganishe na shule jirani, maana shule ya watoto 1,200 itapata hela nyingi kuliko ya 300 na bado ikawa na shida kubwa zaidi. Na uulize fedha imeletwa kwa idadi ipi ya wanafunzi. Kama orodha iliyotumika ina watoto 540 na darasani wapo 610, hao 70 wanakula sahani za wenzao. Kama orodha ina 610 na darasani wapo 540, hilo ni swali lingine kabisa na uliulize ukiwa na wenzako, usiende peke yako.

Usichanganye pia hela ya kuendesha na hela ya kujenga. Yale madarasa 12,000 ya sekondari ya fedha za UVIKO yaliyojengwa kwa ajili ya januari 2022, na mengine 8,000 kwa ajili ya 2023, kila darasa lilipewa milioni 20. Ni kitu kikubwa, mi nilifundisha darasa lenye watoto wanakaa dirishani siwezi kubeza. Lakini milioni 20 ya darasa haiwezi kununua chaki, ni mfuko mwingine, kwahiyo unakuta jengo jipya lina marumaru na mwalimu ndani yake hana kitabu cha kiada. Mgeni akija anapiga picha jengo.

Taarifa za mapato na matumizi zinatakiwa ziwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, na siku hizi shule zinaingiza mahesabu kwenye mfumo unaoitwa FFARS kwahiyo visingizio vya daftari kuliwa na mchwa vimepungua. Pita pale getini usome. Michango yenyewe haijakatazwa ikipitishwa kihalali na wazazi na halmashauri ikaridhia, kilichokatazwa ni mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu baba yake hajatoa. Ila Baba Amani naomba nikuombe kitu kama mzee mwenzio, mchango wa chakula usiugombanie. Huku kwetu mvua ni moja tu kwa mwaka, ikigoma mtama umeenda na alizeti imeenda, mtoto anatembea kilomita sita anafika saa moja na nusu tumbo tupu, mpaka saa nane hajala kitu. Debe la mahindi na maharage kidogo wapikiwe makande. Mi nimewaona watoto wa kipindi cha saa saba wanavyolala na makalamu mkononi, ningefundisha mikondo ya bahari hata kwa ngoma wasingeamka.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko kidato cha nne Kondoa. Zamani NECTA walikuwa wanatangaza shule kumi bora, sa hivi hawatangazi, sasa sisi tutajuaje shule nzuri ya kidato cha tano? Hamisi.

Marahaba Hamisi. Waliacha kuanzia matokeo ya mtihani wa 2022 yaliyotoka januari 2023, walisema haina tija kulinganisha shule zisizo kwenye mazingira sawa, na mi niliwaunga mkono japo wenzangu wengi walinuna. Shule yenye watahiniwa 40 waliochaguliwa kwa usaili na ina bweni na jenereta, unaipangaje mstari mmoja na shule ya kata yenye watahiniwa 300 wanaokuja kwa miguu? Kilichoondoka ni mashindano, takwimu bado ziko palepale, kila shule ina ukurasa wake na wastani wake wa GPA, kumbuka tu kwa NECTA GPA ndogo ndo nzuri kwa sababu A ni pointi 1 na F ni 5, nimeshamwona mzazi anashangilia 4.2. Ukipata muda angalia matokeo ya kidato cha sita ya tahasusi unayoitaka wewe, sio ya shule nzima, shule inaweza kuwa moto kwa HGL, yaani historia, jografia na kiingereza, na kwa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, hakuna kitu. Sasa funga simu ukasome, mwezi wa kumi na moja sio mbali.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, mi nafundisha wilaya ya Kongwa, usinitaje. Kila kikao cha tathmini tunawekewa jedwali, sisi wa mwisho mwisho, na juu kabisa Msalato. Tunaonekana hatufanyi kazi. Watoto tunaowapokea wengine kusoma Kiswahili chenyewe shida. Hiyo ni haki?

Sio haki, na wanaokuwekea hilo jedwali wanajua. Msalato ni shule ya wasichana, na ni ya vipaji maalumu kama zilivyo Kilakala na Ilboru na Mzumbe, watoto wake wanachujwa nchi nzima kutoka darasa la saba. Mtoto aliyeingia na A akitoka na divisheni ya kwanza, shule imelinda alichokuja nacho, sio kazi ndogo lakini ndo hiyo. Mtoto aliyeingia kwenu na C ya kubahatisha, kiingereza anakisikia kwa mara ya kwanza kama lugha ya kufundishiwa, akatoka na divisheni ya tatu, huyo mmembeba kutoka mbali sana. Ukipima shule kwa pale mtoto alipofika bila kuangalia alipoanzia, unapima wazazi wake na bahati yake.

Kwahiyo nenda kikao kijacho na jedwali lako mwenyewe. Chukua watoto wenu waliofanya 2024, andika walipata nini darasa la saba, walipata nini kidato cha pili, na walipata nini kidato cha nne. Jina kwa jina, maana yote mnayo shuleni. Ukiweza kuonyesha kwamba waliokuwa na D za kidato cha pili wametoka na C, afisa elimu atanyamaza, na asiponyamaza angalau wenzako watakusikia. Na tafuta shule mbili tatu za kata za jirani zenye watoto wa namna ileile, wanaotembea umbali uleule na wazazi wanaolima karanga zilezile, ulinganishe na hao.

Ila na mimi nikuonye kwa sababu umeniita mwenzako. Ukishafanya hivyo ukakuta kata ya jirani, watoto walewale, mvua ileile, wana divisheni ya kwanza mpaka ya tatu 30 na nyie 9, hapo usije tena na habari za Msalato. Hapo mkae walimu wenyewe mlango umefungwa muulizane nani haingii darasani. Nimekaa kwenye hiyo ofisi, najua mtu anaweza kulaumu watoto miaka kumi na hajawahi kumaliza mada.

Alafu mjiandae mapema, watoto walioanza darasa la kwanza 2016, ile januari elimu ilipotangazwa bila malipo na madarasa yakafurika, ndo walioingia kidato cha kwanza 2023 na ndo wa kufanya mtihani wa kidato cha nne 2026. Watakuwa wengi kuliko mlivyozoea. Asilimia inaweza kushuka mwaka huo na idadi ya watoto waliofaulu ikawa kubwa kuliko miaka yote, na kwenye kikao watasoma asilimia tu. Nenda na idadi zote mbili zimeandikwa kwa herufi kubwa, na pembeni andika walioanza walikuwa wangapi.

Maswali ya hosteli za mtaani nimeyapokea, ni mengi na mengine yanatisha, nitayajibu toleo lijalo. Yule aliyeniuliza kuhusu mwanae kuzuiwa cheti cha kidato cha nne, leta kwanza barua waliyokupa, maneno ya mdomo siwezi kuyajibu.